Kitufe cha Mama Zahra

Mwanangu Kabula,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: umekasirika. Umetoka hapa Segerea alasiri hii na kompyuta mgongoni, geti umelibamiza hadi mbwa wa jirani akabweka, na hukusema unakwenda wapi. Labda umekwenda Kinondoni kwa Mama Zahra kama nilivyokuomba. Labda umekwenda Mwenge kuwanunulia wenyeji wako wa Kigali vinyago, maana na hilo lilikuwamo katika zile kadi zako za kupangia kazi kwenye kompyuta. Nimekupigia. Simu yako imenijibu kwa ujumbe wa maandishi kwamba uko katika kazi inayohitaji utulivu na utanitafuta baadaye. Mimi, baba yako. Nimewekwa foleni na programu.

Basi naandika. Jua bado limekaa juu ya ukuta wa jirani, mama yako yuko ndani analifungua begi ulilolifunga ili alifunge yeye, na basi lako linaondoka alfajiri. Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutokula chakula cha stendi na ya kanisa lililo karibu na unapokwenda kukaa ameshayamaliza yeye. Mimi nina jambo moja tu, nalo limeniudhi, kwa hiyo usishangae ukiona kalamu imegandamiza karatasi.

Nianze na asubuhi, kwa sababu nilipokusimulia ulinisikiliza nusu, na nusu nyingine ulikuwa unawajibu watu.

Nilitaka kuagiza chakula cha kukuaga. Nikaona kwa nini nisipitie ule ukurasa wa mtandaoni ambao mwanangu mwenyewe alimtengenezea Mama Zahra? Nikaufungua kwenye simu yangu hii yenye ufa, nimesimama juani pale nje. Ukafunguka upesi. Maandishi yakasomeka. Picha za kababu na biriani zimekaa kwa nafasi, hazikugombana. Nikajisemea, huyu mtoto anaijua kazi. Chini kuna kitufe cha kijani, Piga Uagize. Nikakibonyeza, namba ikatokea, nikapiga bila kuiangalia, maana siku hizi nani anaangalia namba? Ikaita mno. Nilipotaka kukata ikapokelewa na mtu asiyesema kitu.

"Halo? Mama Zahra?"

"Baba Kabula," akasema. "Hii simu ya Mohsin, Baba Kabula."

Mohsin tulikwenda wote msibani kwake, mimi na wewe. Unakumbuka alivyokuwa anapokea oda huku amebana simu begani, anamtania kila mteja, anamwambia mtu mzima na akili zake kwamba biriani ya jana imemfanya anenepe. Mkewe anapika, yeye anapokea, miaka yote ile. Sasa simu yake iko kwenye droo ya jikoni, na Mama Zahra anaichaji.

"Siizimi," akaniambia. "Nikiizima naona kama namfukuza. Lakini tangu ukurasa utoke inaita, kila siku inaita. Wateja wa zamani wanasema, 'Mohsin, bwana, umenitupa!' Ndiyo nianze tena kuwaambia."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia wewe.

"Nilimwambia. Nilimtumia sauti. Mtoto ana mambo mengi, anasafiri. Usimgombeze, Baba Kabula, tafadhali."

Nimekugombeza. Hilo najua.

Ulipoufungua ule ujumbe wa sauti mbele yangu, Mama Zahra alitoka akiongea kama cherehani. Nikauliza ana nini. Ukasema ndivyo unavyowasikiliza wateja wote, kwa mwendo wa mara mbili, unaokoa muda. Nikakuomba umrudishie mwendo wake. Tukasikiliza sote wawili, tumesimama sebuleni katikati ya mabegi. Alitoa salamu. Akauliza magoti yangu yanaendeleaje. Akasimulia arobaini ya mumewe ilivyokwenda na nani alitoka Mombasa. Akasema nyekundu ya kule juu ya ukurasa inampigia kelele machoni. Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema, "na ile namba ya Mohsin, mwanangu, uitoe, uweke ya Zahra, mie siwezi kuipokea." Na hapo hapo akaendelea kwamba sambusa moja pichani inaonekana imeungua.

Ukanionyesha kadi yako uliyoiandika siku ile. "Rangi ya juu. Picha ya sambusa." Pembeni, alama ya kijani: tayari.

"Baba, ni namba tu," ukasema. "Naibadilisha kwa dakika mbili. Nitaifanya kwenye basi."

"Ifanye sasa, halafu uende kwake."

"Kwenda kufanya nini? Baba bwana! Nibadilishe namba, halafu nipande gari mpaka Kinondoni kumwonyesha namba?"

"Ndiyo."

"Basi si angeandika kwenye maoni! Nilimwekea sehemu ya maoni, nikamtumia, nikamwelekeza. Hakuna mteja hata mmoja anayeandika pale. Wote wananitumia voisi, ndefu kama hotuba ya mshenga. Mie nifanyeje?"

Likafuata geti.

Swali la nifanyeje ni zuri, ingawa uliliuliza kwa kupiga kelele. Nimekaa hapa barazani nalifikiria, na kila nikilifikiria nakutana na yale madude yako ya kupangia kazi, nachemka upya.

Nimeyaona yakija na kuondoka, mwanangu. Ilikuja ile saa inayolia kama kengele ya shule, ikikuamuru kupumzika pale tu ulipoanza kuishika kazi. Ikaja kalenda inayozungumza na kalenda nyingine. Ikaja programu ya kukukumbusha kufungua programu. Kila moja uliniletea sebuleni ukisema, "Baba, hii itabadilisha maisha yangu." Wakati wa Pasaka ulihamisha kazi zako zote kutoka ubao mmoja wa kadi kwenda mwingine, ukazipaka rangi upya, ukashinda ndani wiki nzima, na mwisho wa wiki kazi iliyokuwa imefanyika ni kuhama. Na katika hayo yote, mafaili ya Mama Zahra yanaitwa "mwisho", "mwisho kweli" na "mwisho kweli huu". Niliyaona kwa macho yangu. Msichana mwenye kalenda mbili!

Nakasirika kwa sababu naujua ugonjwa wenyewe. Nilikutangulia kuugua.

Nilipotoka Ukerewe kuja Dar kuwa mchora ramani, nilikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, na ofisi ikanikabidhi kisanduku cha kalamu za wino. Kila kalamu ilikuwa na unene wake: moja ya mipaka, moja ya barabara, moja nyembamba kama unywele ya mistari ya miinuko. Sijawahi kupenda kitu vile. Nilikuwa naziosha asubuhi, nazikausha kwa kitambaa, nazipanga kwa unene. Wino nao nilikuwa nauchuja. Penseli nilichonga hadi ncha zikatisha. Mkuu wetu, Mzee Komba, alipita mezani kwangu siku kadhaa bila kusema neno. Kisha siku moja akasimama, akainamia kisanduku, akakisifu sana. Wenzangu wakaacha kuchora wasikilize.

"Kalamu nzuri, kijana. Zimepangika. Hata bwana harusi hapambwi hivi." Akainua karatasi yangu nyeupe, akaigeuza upande wa pili. "Ramani iko upande huu, au bado iko kwenye wino?"

Walicheka mpaka mhudumu wa chai akauliza kuna nini. Kwa muda mrefu baada ya hapo niliitwa Bwana Harusi. Sikuacha kuosha kalamu, lakini nilianza kuziosha jioni, kazi ikiisha, na nikagundua kwamba ramani nyingi zilitaka kalamu mbili tu. Nyingine zilikuwa za kunifariji. Mchoro unatisha ukiwa haujaanza, na kalamu hazitishi. Nadhani wewe na zile kadi ni hivyo hivyo. Ukiikaribia skrini tupu unahisi baridi, unakwenda kuota moto kwenye kadi.

Usidhani nachukia vyombo vyako. Kipo kimoja nakionea wivu mpaka leo. Ulinionyesha kwamba unachora kitufe mara moja, mahali pamoja, na ukikibadilisha pale kinabadilika kwenye kurasa zote. Nilikwambia "aah, vizuri," nikaingia ndani. Hukujua kwamba nilikwenda kukaa kitandani. Sisi jina la mtaa likibadilika tulikwangua wino kwa wembe, karatasi kwa karatasi, tukipumua polepole tusitoboe. Macho yangu yamekwisha kwenye kazi ambayo wewe unaimaliza kwa kidole kimoja. Hicho ni chombo. Hicho kishike. Ila kumbuka na upande wake wa pili: namba ya Mohsin nayo, uliyoizoea tangu enzi za uhai wake, uliiweka mahali pamoja, ikatokea kila mahali. Uliponiambia kwa fahari kwamba kurasa za kababu, za biriani na za harusi zote zinatumia kitufe kilekile, ndipo na kosa lilipokuwa limekaa kwa starehe, likisubiri wateja.

Kwenye kona ya chini kulia ya kila ramani tulichora kisanduku kidogo. Kiliandikwa nani amechora, lini, kimebadilika nini tangu mara ya mwisho. Kilikuwa na mstari mmoja zaidi: nani amekagua. Huyo hakuruhusiwa kuwa yule aliyechora, hata kama aliyechora ni Mzee Komba mwenyewe. Katika vyombo vyako vyote nimeona mahali pa kila kitu, pa rangi, pa muda, pa hisia zako za siku, lakini huyo mkaguzi sijamwona akiwa na kiti. Na mara moja ulipompa mtu kiti, ulinipa mimi.

Hapa kalamu inapungua nguvu kidogo. Ulinipa simu, ukasema, "Baba, jaribu kila kitu, bonyeza kama mteja." Nikazungusha picha juu na chini, nikakuambia, "Nzuri, mama, nzuri sana." Kitufe cha Piga Uagize sikukibonyeza. Niliona aibu kumpigia mtu mwenye jiko wakati sina oda. Ningebonyeza siku ile, yote haya yasingekuwepo. Kila ulichonionyesha tangu ukiwa mdogo, paka wa kuchora, bango la shule, nembo ya saluni, nilisema nzuri. Nilidhani ndiyo kazi ya baba. Kumbe nilikuzoesha kusikia neno moja, na sasa mtu akikupa maneno mengi unayapitisha haraka ulitafute lile.

Nimesimama kidogo kuufungua ukurasa. Nimebonyeza kitufe, namba imetokea, na safari hii nimeiangalia bila kupiga. Bado ni ya Mohsin. Sithubutu kupiga, jikoni kwa Mama Zahra sasa hivi ndiyo saa ya oda za jioni, na droo ile imeshalia vya kutosha. Nimekupigia wewe tena. Uko katika utulivu.

Ngoja nikwambie kitu ambacho mama yako anakijua na wewe hukijui.

Wakati ule napanga chumba Kinondoni, kabla hujazaliwa, binamu yangu Magesa alitokea mlangoni asubuhi na kikapu. Alikuwa ametoka nyumbani Ukerewe, amevuka kwa kivuko, amepanda treni, ameuliza watu njia yote. Nilimpa maji. Akakaa kitandani, akaanza. Mvua zilichelewa. Mihogo imekubali. Mbuzi wa shangazi amezaa pacha. Kivuko kiliharibika wakalala kisiwani siku nzima. Mimi nilikuwa napiga viatu rangi. Nilikuwa na ramani ya kukabidhi, na Mzee Komba hakupenda kuchelewa. Nikamwambia, "Kaka, mihogo tutaongea jioni, nimechelewa." Akanitazama. Akasema, "Haya, jioni."

Jioni nikarudi, akanywa chai yake taratibu, akarudia mvua, akarudia mihogo, akafika kwa mbuzi wa shangazi, na baada ya mbuzi akaniambia kwamba baba yangu amefariki na wameshamzika.

Siku nzima nilikuwa nimechora nikiwa yatima bila kujua. Nilicheka ofisini siku ile. Nakumbuka nilichokuwa nacheka.

Nilimkasirikia Magesa kwa miaka. Kwa nini hakusema pale mlangoni? Nimefika uzee ndipo nimemwelewa. Alikuwa amelibeba jambo hilo safari yote ile, akalifunga ndani ya mihogo na mbuzi ili likinifikia lisiniangushe. Alihitaji nikae chini. Nisingemkatiza, angefika. Sasa wewe niambie Mama Zahra alifanya tofauti gani na Magesa. Jambo la kumtoa mumewe kwenye ukurasa angelianza vipi? "Kwanza, futa namba ya marehemu"? Angelifungua kwa lipi, zaidi ya magoti yangu na wageni wa Mombasa? Aliliweka katikati ya rangi na sambusa kwa sababu pale ndipo alipoweza kulitamka. Wewe ukalipita kwa mwendo wa mara mbili, ukipaka kadi rangi.

Sehemu ya maoni haitakaa ipate maneno kama yale, Kabula. Unaweza kuichora vizuri kuliko watu wote. Mama Zahra hataandika mle "mie siwezi kuipokea."

Kwa hiyo nifanyeje, uliuliza. Sina programu ya kukupa. Ninachojua ni tulichokuwa tunafanya na wapimaji wa ardhi waliporudi kutoka porini na madaftari yao machafu. Hatukuchukua daftari tukaingia nalo ndani. Tulikaa nao, tukawarudishia maneno yao: umesema njia inapita kaskazini ya kisima, umesema kanisa limehama, nimekosea wapi? Na baada ya kuuliza nimekosea wapi, tulikaa kimya. Mara nyingi hapo ndipo mpimaji alijikuna kichwa na kusema, "Ila kuna kitu kimoja." Hicho kimoja ndicho kilichofanya ramani iwe ramani. Wewe una simu. Unaweza kumrudishia mtu maneno yake akiwa popote. Fanya hivyo kabla ya kuweka ile alama ya kijani, na ikiwezekana alama aiweke yeye, siyo wewe.

Kigali sikujui. Nimesikia ni watu wa sauti ya chini na maneno machache. Basi sijui kwao jambo zito hukaa wapi, mwanzoni, mwishoni, au hawalisemi kabisa, wanakuachia ulione. Utalitafuta. Utakosea kwanza, kama mimi nilivyofika hapa Dar nikadhani kila anayeniita braza ananipenda. Nimekaa mji huu umri wangu wote, hapa mtaani bado naitwa Mzee wa Ziwani, na nikienda Ukerewe wananiwekea kiti cha mgeni. Sikupi hilo kama onyo. Nakuambia tu kwamba anayeishi ugenini anapata mazoea ya kusikiliza mara mbili, na kwa kazi yako mazoea hayo yana faida kuliko ile saa ya kengele. Basi lako litapita Kahama kwenda mpakani, ziwa hutaliona. Hata hivyo ukifika usawa ule nikumbuke kidogo, halafu uendelee na safari.

Jua limeshuka nyuma ya ukuta. Mama yako ametoka kuuliza kama umepiga. Nimemwambia uko katika utulivu, akasema maneno ambayo siyaandiki.

Nimeufungua ukurasa tena. Ngoja.

Namba siyo ile.

Nimekaa nikiitazama. Nilipaswa kufurahi, lakini namba unaweza kuibadilisha ukiwa popote, hata ukiwa Mwenge unapatana bei ya kinyago cha twiga. Dakika mbili, ulisema. Nilichokuomba hakikuwa namba. Basi nimefanya kile ambacho mkaguzi alipaswa kufanya tangu mwanzo, aibu au si aibu. Nimepiga.

Ikapokelewa upesi. "Karibu, jikoni kwa Mama Zahra, Zahra naongea."

Nami nikaibana simu sikioni, kwa sababu nyuma ya Zahra nilimsikia mama yake. Alikuwa anasimulia jambo refu, sufuria zinagongana, na jambo lenyewe lilikuwa Mohsin, siku alipompa mteja oda ya harusi ya mtu mwingine na wageni wa harusi zote mbili wakala, wakasifu. Akacheka. Akanyamaza. Na katika kile kimya nikasikia sauti yako, chini kabisa: "Eeh, mama. Kisha?"

Hukumharakisha. Akashusha pumzi, akaendelea.

"Halo?" Zahra akasema. "Nikusaidie nini?"

Nikaagiza mkate wa sinia wa safari. Akauliza jina la mteja, nikamjibu ni baba wa huyo aliyekaa hapo jikoni kwenu, na mzigo ataubeba yeye akimaliza kusikiliza, asiharakishwe. Akaangua kicheko.

Kwa hiyo barua hii utaikuta ndani ya begi, chini ya sweta, mama yako akiniachia nafasi. Nilivyokukasirikia kule juu sifuti, kwa sababu wembe sina tena na nilimaanisha. Chakula tumekufunikia, ukisoma haya utakuwa umeshakila. Ukirudi, geti lifunge taratibu.

Baba yako